Jina la Nne kwa Penseli

Mimi ningejichapa. Nalisema mapema ili msomaji asije akanisubiri katikati ya habari kwa maoni yangu. Ningejichapa kwa herufi kubwa na mstari chini yake, na mwenye kununa angenuna. Lakini jina halikuwa langu. Lilikuwa la Getruda Mihayo, mama Kija, na Getruda ni mtu ambaye akikanyagwa mguu kwenye foleni, anayeomba radhi ni yeye.

Mwaka 1995 tulikuwa tunafanya kazi kwenye vyumba viwili vilivyopakana, nyuma ya ukumbi mmoja pale mjini Mwanza. Changu kilikuwa maktaba ndogo ya chama cha walimu watafiti: rafu tano, mende wasiohesabika, na mimi Mwaija, mama Nusrat, mtunza vitabu. Chumba cha pili kilikuwa cha jarida la elimu la chama hichohicho, lililotoka mara mbili kwa mwaka karatasi zikipatikana. Mle walikaa watu wawili tu. Mzee Chenge, mhariri mkuu, alikaa dirishani. Getruda, mpiga chapa, alikaa mlangoni, ili kila mwenye shida aanzie kwake.

Getruda alizaliwa kijiji kimoja nyuma ya Busisi, akasoma mpaka kidato cha pili, akajifunza kupiga chapa kwa masista, na mwaka 1981 akaingia kwenye jarida na hakutoka tena. Mumewe, Mayala, alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mpaka kiwanda kikapata mwenye mali mpya na huyo mpya akaona mafundi ni wengi mno. Wakati ninaousimulia Mayala alikuwa huko Geita akifukua mawe, anaonekana nyumbani kwa nadra, na Kija alikuwa kidato cha tatu, wakati ambapo wazazi walishaambiwa wachangie ada. Kwa hiyo nyumba yao ya Buzuruga ilisimama kwa mashine ile ya chapa.

Makala zilikuja kwa posta kutoka kwa walimu wa Magu, Ukerewe, Sengerema na kwingineko, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa mkono, nyingine kwa mkono ambao ungedhani mwandishi alikuwa juu ya punda. Mzee Chenge alikuwa na amri moja: chapa kilichoandikwa. Mpiga chapa haongezi, hapunguzi, hasahihishi. Getruda aliishika amri hiyo kama sala ya asubuhi. Ila vidole vikichapa macho yanasoma, na kila alipofika mahali asipoelewa, alichukua penseli akaweka nukta ndogo pembeni mwa karatasi. Nukta tu, si neno.

Mzee Chenge akaziona zile nukta. Akaanza kusoma kila makala kwa kuanzia kwenye nukta, na kwenye nukta alikuta ama hesabu za mwandishi hazilingani, ama amesema jambo ukurasa wa pili na kulikana ukurasa wa nane, ama amepanga maneno makubwa makubwa ili watu wasione kwamba hana la kusema. Mzee aliandika maoni yake kwa wino mwekundu palepale penye nukta, makala ikarudishwa kwa mwenyewe. Miaka kumi na minne walifanya kazi hivyo na hawakuwahi kuizungumzia. Mimi nilikuwa naona kupitia mlango. Siku moja nikamwuliza, mama Kija, unajua kwamba wewe ndiye unayehariri jarida hili? Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi? Mimi nachanganyikiwa tu, mama Nusrat. Pale ninapochanganyikiwa naweka nukta."

Basi zikaja zile nyakati za kila kitu kuwa ruksa. Wafadhili walikuja na kompyuta moja ndani ya boksi refu kuliko Kija, na pamoja na kompyuta ikaja katiba mpya ya chama. Ilisema nafasi ya mpiga chapa itakoma mwisho wa Desemba, kwa kuwa wahariri watachapa wenyewe. Ilisema pia wahariri watalipwa posho ya kila mwezi, jambo ambalo Mzee Chenge hakuwahi kuliona kwa macho yake. Na yeye mwenyewe alikuwa anastaafu. Nilimwuliza Getruda atakwenda wapi Januari. Akasema hajui, labda arudi Busisi akalime, lakini Kija je?

Kitu kimoja cha zamani katiba mpya haikukigusa, nacho ni namna yetu ya kukaribisha wahariri wapya. Mhariri anayeondoka ndiye anayewateua. Anaandika majina, orodha inatumwa kwa wanachama siku kumi na nne kabla ya mkutano, na mwenye pingamizi anaandika barua. Siku ya mkutano hakuna tena kuongeza wala kupunguza. Orodha inasomwa, wapya wanasimama mmoja mmoja, na mzee anamkabidhi kila mmoja bahasha yenye makala yake ya kwanza ya kuhariri. Kazi kwanza, soda baadaye.

Mwezi Agosti Mzee Chenge alishikwa na ugonjwa wake wa sukari, wanawe wakampeleka hospitali huko kwao Sengerema. Siku anaondoka aliacha karatasi juu ya mashine ya Getruda. Ilikuwa na majina manne. Matatu yaliandikwa kwa wino mweusi, maandishi yaliyonyooka: daktari mmoja wa chuo, mkufunzi mmoja mwanamama, na mwalimu mkuu mmoja wa sekondari aliyekuwa ameandika kitabu. Chini yao, kwa penseli, palikuwa na jina la nne: Bi. Getruda Mihayo.

Getruda alikuja nayo maktaba ameishika kwa ncha za vidole.

"Mama Nusrat, hebu nisomee hapa."

Nikasoma. Nikapiga kigelegele, mende wakakimbia. "Hongera mama!"

"Hongera ya nini sasa?"

"Si umeteuliwa?"

"Kwa penseli?"

"Kwani penseli si maandishi?"

Akaivuta karatasi yake. "Na mle ofisini mwenye penseli ni nani?"

Hapo nilimwelewa. Mzee Chenge alikuwa mtu wa wino. Kwenye ofisi ile penseli ilikuwa moja, nayo ilikaa kwenye kikombe cha Getruda, na kila mwandishi aliyewahi kurudishiwa makala alizifahamu nukta zake. Mzee yuko kitandani ng'ambo ya maji. Mpiga chapa ambaye kazi yake inafutwa Desemba anatoa orodha, na ndani ya orodha limo jina la mpiga chapa. Ukiulizwa nani kaliandika, utasema nini?

Tena hata hilo halikuwa lote. Hakuwa na hakika mzee alimaanisha nini. Labda aliliandika jina lake kama anayepaswa kuichapa orodha. Labda kama mwandika kumbukumbu za mkutano. Labda ilikuwa ni ile sukari, maana wiki ile mzee alikuwa akiweka miwani kwenye droo na kuitafuta kichwani. Kila siku Getruda alikuja na labda mpya, na kila moja aliileta kwa uso wa mtu aliyekosa usingizi. Nilimwambia labda zote hizo azitupe ziwani na achape kilichoandikwa, si ndiyo amri? Akasema amri ilikuwa ya makala za watu, haikusema lolote kuhusu jina lake mwenyewe.

"Basi nenda ukamwulize," nikasema kwa hasira. "Mtu yupo hai, ana mdomo."

Jumamosi akaenda. Pale Kigongo foleni ya malori ya samaki ilikuwa ndefu, kivuko kikamchelewesha, akafika hospitali saa ya kuona wagonjwa inakaribia kwisha. Alimkuta Mzee Chenge ameegemezwa mito miwili.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Getruda. Umevuka salama?"

"Salama, Mzee. Ile orodha uliyoniachia. Niichape ilivyo?"

"Chapa kilichoandikwa."

"Chote, Mzee?"

"Kwani kina nini?"

Hapo ndipo angesema. Aliniambia maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini utamwambiaje mkubwa wako, kwenye kitanda cha hospitali, mbele ya wanawe, Mzee, eti umeniteua niwe mhariri? Akicheka je? Akisema hapana, nilitaka utuandalie chai, utavuka tena maji ukiwa na uso gani? Akajibu hakina kitu. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Getruda, akamwita Ng'washi, akamwuliza kama ng'ombe wameshaingia zizini. Ng'washi alikuwa mkewe, marehemu wa miaka tisa. Ng'ombe hakuwa nao tangu zamani.

Getruda alimjibu wameingia, kisha akatoka. Kwenye kivuko alisimama peke yake upande wa injini, na hapo alikata shauri kwamba jina la nne ni la homa. Mtu anayemwona mkewe marehemu kwenye uso wa mpiga chapa atashindwaje kumwona mhariri kwenye uso huohuo?

Jumatatu akaweka stensili ya kudurufia kwenye mashine akachapa majina matatu. Baadaye alinisimulia kwamba vidole vilisimama juu ya herufi ya G mara tatu na mara tatu akavirudisha. Katika miaka kumi na minne hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyopunguza kilichoandikwa. Akadurufu nakala, akazitia kwenye bahasha, akazipeleka posta. Mimi hakuniambia. Nilipomwuliza kama ameichapa alinijibu nimeichapa, nami nikaenda zangu kununua kitambaa cha kumshonea gauni la siku ya mkutano. Nilitaka akisimama, asimame amevaa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Ukumbi ulijaa, watu wapatao sitini, wengine wamevuka maji tangu alfajiri. Mwenyekiti wa chama, Daktari Shigela, alikaa katikati amevaa suti ya kijivu. Getruda alikaa mwisho wa meza na daftari la kumbukumbu, ndani ya gauni langu la bluu, akiwa amejikunyata. Nikadhani ni woga wa furaha. Mzee Chenge aliingia akitembelea fimbo, amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale ya dirishani. Kwapani alikuwa na bahasha za kaki. Nikazihesabu: nne. Nikajichekea.

Daktari Shigela akasoma. Jina la kwanza, yule daktari wa chuo akasimama, akapokea bahasha, makofi. La pili, mkufunzi, bahasha, makofi. La tatu, mwalimu mkuu, bahasha, makofi. Kisha akaikunja karatasi.

"Endelea," akasema Mzee Chenge.

"Majina yamekwisha, Mzee."

"Hayajaisha. Yako manne."

Daktari Shigela akaikunjua tena ile karatasi, akaigeuza nyuma, akaionyesha. "Ni matatu, Mzee. Kila mtu hapa anayo nakala yake."

Watu wakatoa nakala zao. Kweli, matatu. Mimi nilimpokonya jirani yangu nakala yake nikasoma kuanzia kichwa hadi tarehe. Sikuelewa. Nikamtazama Getruda, yeye akiwa anatazama daftari lake ambalo halikuwa limeandikwa kitu.

Mzee Chenge alibaki amesimama na bahasha moja mkononi. Alianza kusema, akaacha. Aliitazama bahasha, akatutazama sisi, akaitazama tena. Nyuma yangu mtu mmoja alinong'ona, "Maskini, ile sukari imeshapanda kichwani." Wengi waliinamisha vichwa. Ile huruma yao sikuipenda hata kidogo.

"Labda," akasema Mzee Chenge kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "labda sikuliandika. Nilikuwa naumwa."

"Ni jambo la kawaida, Mzee," akasema Daktari Shigela kwa upole, na akanyoosha mkono aichukue ile bahasha aiweke pembeni. Mzee Chenge alikuwa anaiachia.

"Aliliandika."

Sauti ilitoka mwisho wa meza. Getruda alikuwa amesimama.

"Aliliandika, Daktari. Majina yalikuwa manne. Mimi ndiye niliyeliacha."

Ukumbi ukavuma. Daktari Shigela aliuliza ni jina gani. Akauliza tena. Getruda akasema, "Langu," kwa sauti ndogo, na hapo ndipo mambo yalipochafuka kabisa, maana kila mtu alikuwa na swali na kila swali lilikuwa linakwenda njia yake. Ni nani aliyewahi kumwona mtu anayeacha jina lake mwenyewe? Kwa nini aliache? Na kama aliliacha, sasa analisema la nini? Mwalimu mmoja wa mbele alisimama akasema hilo jambo lina harufu. Akataka rasimu iletwe.

Getruda alienda ofisini akarudi nayo. Daktari Shigela akaiangalia, akainua nyusi. "Hili la nne ni la penseli."

"Ehee!" akasema yule mwalimu wa mbele. "Na penseli ya pale ofisini tunaijua sote ni ya nani. Mimi mwenyewe nina makala yenye nukta zake kumi na mbili."

Watu wakacheka. Getruda alisimama amebana mikono, na nilimwona anavyopata kile alichokiogopa mwezi mzima, chote kwa mkupuo mmoja. Nilitaka kusimama nimtukane yule mwalimu. Bahati yake Mzee Chenge alitangulia.

"Hizo nukta kumi na mbili," akamwambia, "ulizijibu?"

"Nilizijibu, Mzee."

"Makala ikawa bora au mbaya?"

Mwalimu akakaa.

"Penseli ni yake," Mzee Chenge akaendelea. "Mkono ni wangu. Niliichukua kwenye kikombe chake yeye akiwa amekwenda kuchota maji. Wino ulikuwepo. Lakini nilijua mtakataa. Mtasema kidato cha pili, mtasema mpiga chapa. Nikaona nikiliandika kwa penseli, mwenye kukataa alifute kirahisi, tusigombane." Akamgeukia Getruda. "Sikujua kwamba atakayelifuta ni wewe."

Machozi yalikuwa yanamdondokea Getruda kwenye gauni na hakuyafuta. Mzee Chenge akamwuliza, taratibu, kana kwamba hawako mbele ya watu, "Kwa hiyo niliandika?"

"Uliandika, Mzee."

"Na ulipokuja hospitali ulikuja kuniuliza hilo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wabeja," akasema, yaani ahsante kwa Kisukuma chao. Akakaa. Alikaa kwa uzito, akaegemea, fimbo akailaza magotini.

Nilidhani sasa mambo yamekwisha na vigelegele vianze. Sikuijua katiba. Walibishana karibu saa nzima. Wengine walisema aliyeteuliwa ameteuliwa, wengine wakasema orodha iliyotumwa ndiyo orodha, na jina ambalo halikutumwa siku kumi na nne kabla halipo, hata kama malaika ndiye aliyeliandika. Daktari Shigela alikuwa mtu mwema lakini wa vifungu. Mwishowe alisema anasikitika sana, lakini mkutano hauwezi kuongeza jina, na mkutano mwingine wa kuteua ni baada ya miaka miwili. Getruda mwenyewe ndiye aliyeandika uamuzi huo kwenye daftari la kumbukumbu. Nilimwona anauandika, kwa mwandiko mzuri, bila kuruka neno. Mzee Chenge alimpa ile bahasha ya nne hata hivyo, naye akaipokea kwa mikono miwili akaiweka chini ya daftari.

Desemba aliifunika mashine yake kitambaa. Walimpa cheti. Alianza kuuza dagaa pale stendi ya Buzuruga, na Kija alimaliza shule, msiniulize kwa njia gani, maana mimi niliyekuwa naona kwa karibu sikuelewa.

Lakini siku ile ya mkutano tulirudi pamoja kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nafoka. Nilifoka kuhusu kitambaa cha gauni. Nilifoka kuhusu katiba. Nilimwambia, ulipotakiwa kusema ulinyamaza, ulipotakiwa kunyamaza ukasema, na vyote viwili havikukupatia kitu. Ungekaa kimya pale ndani, walau wasingekucheka. Sasa ulisema ya nini?

Akasimama katikati ya njia, watu wakatupita.

"Ulimtazama usoni alipoambiwa majina yamekwisha?"

"Nilimtazama."

"Alikuwa ameshakubali, mama Nusrat."

"Kukubali nini?"

"Kwamba kichwa chake kimekwisha. Nilimwona anakubali."

Akaendelea kutembea, bahasha ikiwa kwapani. Nikaharakisha nimfikie, tukaenda pamoja mpaka Buzuruga.